Kapeti la Chumba Arobaini na Tatu

Mimi natandika makapeti, na kazi yangu naijua. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukisikia nilichokifanya utadhani mimi ni mtu wa kubahatisha. Nina miaka tisa hapa Durban, na saba kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimepiga magoti kwenye vyumba vya watu. Hakuna nyumba iliyowahi kuniita mara ya pili eti kona imenyanyuka. Jina langu ni Bizimana, mzaliwa wa Rumonge, Burundi.

Kitu hiki ninachotandika kina majina mengi. Mtanzania atakwambia zulia. Anaclet, mwenzangu wa kazi kutoka Bukavu, husema tapis, nami humuuliza kama alizaliwa Bukavu au Paris. Bosi wetu, Bwana Moodley, mwenye duka la makapeti kule Chatsworth, ana maneno mawili ya Kiingereza na hayachanganyi. Likiwa bado roli dukani, linakatwa kwa mita, analiita carpeting, kama unavyosema unga au kitambaa: ni mali tu, haijawa ya mtu. Likishatandikwa na kukanyagwa ndipo anasema carpet, tena kwa jina la mwenyewe: carpet ya daktari, carpet ya mama wa ghorofani. Mimi nililipenda lile neno la kwanza, na siku moja nililitumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa na akili kunizidi.

Ilikuwa mwezi wa pili, joto la Durban lile la kukufanya uoge mara tatu. Tuliitwa kwenye jengo moja la Greyville kubandua kapeti la zamani na kuweka jipya, chumba namba arobaini na tatu. Mwangalizi wa jengo alitufungulia, akasema gogo aliyekuwa akiishi humo amefariki. Gogo ni bibi kwa Kizulu. Hakutaja jina na mimi sikuuliza. Nilitaka tumalize kabla ya saa nane.

Kapeti lenyewe lilikuwa la sufu, jekundu lililokolea, kitu ambacho siku hizi hukioni. Lilikuwa na kasoro moja tu. Kutoka pale palipokuwa kitanda mpaka dirishani palikuwa na njia iliyokanyagwa, hatua nane, nyembamba kama njia ya mbuzi. Mwishoni kabisa, chini ya dirisha, palikuwa na vishimo viwili vya miguu, kimoja kando ya kingine.

Mtu wa kazi yangu husoma kapeti. Anayekwenda na kurudi huyavuruga manyoya, yanalala huku na huku. Haya yalikuwa yamelala upande mmoja tu, kuelekea dirishani, kana kwamba yule bibi alikuwa akienda bila kurudi. Niliona, nikasema moyoni ni ajabu, nikaendelea kung'oa misumari.

"Mzee," Anaclet akaniambia, "hii iko tapis ya mufu. Tuibebe, tuitupe."

"Tuitupe? Sufu hii? Nyumbani kwangu mtoto anacheza kwenye sementi."

"Mutoto? Kwenu munalazaka mutoto ku mukeka ya mufu?"

Hapo alinigusa, maana kwetu pia hatulazi. Babu yangu alipofariki Rumonge, bibi aliukunja mkeka aliofia babu ili uende naye kaburini. Mkeka wa marehemu huenda naye mzima. Haukatwi, haubaki nyumbani. Nakumbuka bibi akiwa amepiga magoti chumbani, anatafuta ukindu mmoja uliochomoka. Aliupata chini ya mtungi, akaurudisha mahali pake kwa vidole, ndipo akaruhusu watu wabebe.

Lakini mimi ni mbishi, na ubishi wangu ulipata neno la kuegemea. "Mkeka unasukwa na mtu, kwa ajili ya mtu," nilimwambia Anaclet. "Hiki kimetoka mashineni, kwa mita. Sasa tumekibandua na kukikunja, basi kimerudi kuwa carpeting. Muulize Moodley. Hakina mwenyewe."

Anaclet akasonya. "Wewe unajua sana," akasema, akashika upande wake wa roli.

Chumba chetu kiko Greyville hiyo hiyo, ghorofa ya tano, kimoja tu kwa watu watatu: mimi, mke wangu Médiatrice, na binti yetu Estella wa miaka minne. Dirisha lake lina kizingiti cha chini na halina vyuma. Tumeviomba tangu mwaka juzi. Kinachotulinda ni komeo, ambalo liko juu sana hata Médiatrice hulifikia kwa kunyoosha mkono.

Kapeti lilikuwa refu kuliko chumba, na upande wa dirishani ndio ulikuwa umechakaa zaidi, kwa hiyo nikaukata. Nikalitandika. Nililigeuza mara mbili ili ile njia iende kujificha chini ya kitanda, lakini kila nikiligeuza lilijikunja pembeni na kukataa kulala. Lilitulia kwa namna moja tu: njia ikianzia kitandani kwetu na kwenda dirishani. Kwa kuwa nilikata kwa haraka, nilikata mno, na kati ya ukingo wa kapeti na ukuta pakabaki sementi tupu, hatua moja ya mtoto.

Kile kipande nilichokata sikukitupa pia. Sehemu kubwa nikaiweka nje ya mlango ya kufutia miguu. Vile vishimo viwili nikavikata mraba mraba, nikavishonea mikanda ya zamani, vikawa pedi zangu za magoti. Pedi za dukani huchubua. Hizi zilikaa kwenye magoti yangu kama nimepimiwa na fundi.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Médiatrice alikuwa akivua viatu mlangoni na kucheka peke yake. Wiki ya pili akaniambia, "Baba Estella, umemwangalia mtoto anavyotembea?"

Sikuwa nimemwangalia. Nilipomwangalia, nikaona. Estella alikuwa na chumba kizima cha kuchezea, lakini alipita kwenye ile njia tu. Kila siku saa kumi alasiri aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata chakula mdomoni, akaenda kusimama karibu na kitanda. Kisha akatembea polepole, hatua nane, akafika kwenye ukingo nilioukata na kusimama hapo, vidole vya miguu vikigusa sementi. Alilitazama dirisha. Baada ya muda alisema, "Hapafiki," akarudi kwenye mchezo wake kama kawaida.

"Ni mtoto, anacheza," nilimwambia mke wangu.

"Mtoto gani huyu anayejua saa kumi? Saa ya ukutani imekufa tangu Krismasi."

Nikamkaripia. Nilimwambia aache mambo ya kienyeji, sisi ni watu wa kanisa. Akaomba, nami nikaomba pamoja naye, lakini mimi niliomba nikiwa na hasira. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa. Miguu ya Estella ilikuwa ya baridi. Nje watu wanavuja jasho, na nyayo za mwanangu ukizishika utadhani zimetoka kwenye maji ya mto.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Bwana Moodley akaniita dukani. Hakuwa na uso wa utani.

"Bizi, nyumba tatu zimelalamika. Makapeti mapya kabisa, na chini ya dirisha kuna mashimo mawili. Wewe unaweka nini pale?"

"Siweki kitu. Ni alama ya meza labda."

"Meza gani? Vyumba vilikuwa vitupu."

Alinipeleka kwenye mojawapo, hapo hapo Chatsworth. Alama ya kitu kizito kwenye kapeti huondoka: unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya moto, manyoya yanasimama. Nilipitisha pasi mara nne. Manyoya yalisimama, na nilipoondoa kitambaa yakalala tena mbele ya macho yangu, taratibu, kuelekea dirishani. Nikazitazama pedi zilizokuwa magotini mwangu. Nilikuwa nimetambaa chumba kizima na pedi hizo, kila kona, lakini zilikuwa zimeacha alama mahali pamoja tu.

Nilizivua. Niliondoka bila kuaga, nikapanda teksi mpaka mjini, nikapanda ngazi za jengo letu hadi ghorofa ya tano nikiwa nimezishika mkononi kama panya aliyekufa. Ndani, Estella alikuwa amekaa sakafuni na mdoli wake. Médiatrice alikuwa mwisho wa korido akianika nguo. Nikazirusha zile pedi mbali nami, zikaangukia kule chini ya dirisha, nikageuka kujitilia maji ya kunywa. Sikuangalia saa.

Kilichonigutusha ni upepo. Chumba chetu hakina upepo dirisha likiwa limefungwa.

Nikageuka. Zile pedi zilikuwa zimeangukia juu ya sementi tupu, moja kando ya nyingine, vishimo vikiwa juu, mahali hasa ambapo njia ilikuwa imekatika. Estella alikuwa amesimama juu yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye komeo, dirisha liko wazi, na tumbo lake lilikuwa limelalia kizingiti, ameinama nje akitazama barabara. Siku ile ile baadaye nilichukua futi yangu nikapima. Kutoka ncha ya vidole vyake, hata akisimama juu ya pedi, mpaka kwenye komeo, kulikuwa na pengo la shubiri mbili.

Nilimrukia. Nilimshika kiunoni nikamvuta, na hakuja. Mtoto wa miaka minne, ambaye huwa nambeba kwa mkono mmoja nikiwa na mfuko wa viazi mkono wa pili, alikuwa mzito kama roli zima la kapeti. Nikapiga kelele, Médiatrice akaja mbio, tukamvuta wote wawili mpaka tukaanguka chali.

Estella hakulia. Alinitazama kwa adabu, kama mtu mzima anayemtazama mgeni, akasema, "Mutoto yangu hayakuya. Alisema saa kumi."

Mwanangu amezaliwa Durban. Anaongea Kiswahili chetu cha Rumonge na Kiingereza cha shule ya chekechea. Neno hayakuya, yaani hajaja, hajalisikia nyumbani kwangu ila mimi nikimwiga Anaclet kwa mzaha, na hapo hapakuwa na mzaha. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa Kongo aliyechoka. Nililia mbele ya mke wangu, na sioni aibu kusema.

Nilimwacha Estella mikononi mwa Médiatrice, nikagongelea dirisha misumari sita, nikaenda kumtafuta Anaclet. Nilimweleza yote. Nilingoja anicheke au aseme, "Nilikwambia." Badala yake alinishika mkono tukaenda kwa Mzee Athanase, mzee wa kanisa lao.

"Chumba makumi ine na tatu?" Mzee Athanase aliuliza. "Pa Greyville? Ule iko Mama Julienne wa Uvira. Amekufa?"

Tulitazamana. Mzee akakaa chini.

Mama Julienne alikuja Durban na mwanawe mmoja, Israël. Miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi moja, Israël alikwenda bandarini kutafuta kibarua cha kushusha mizigo. Alimwambia mama yake ampashie chakula, saa kumi atakuwa amerudi. Wengine walisema alipanda meli, wengine walisema alionekana kwenye lori la kwenda Johannesburg. Hakuna aliyejua. Mama Julienne aliacha kuja kanisani kwa sababu ibada ilikuwa ikipitiliza saa kumi. Mwanzoni walimtembelea, kisha wakapunguza, kisha kila mmoja akadhani mwenzake bado anakwenda.

"Nani alimuzika?" Anaclet akauliza.

Mzee Athanase alichukua simu akapiga hapa na pale, akitaja jina lile lile kwa herufi moja moja. Alipoiweka chini, macho yake yalikuwa mekundu. Mama Julienne alikuwa bado kwenye nyumba ya maiti. Wiki ya saba, na hakuna mtu aliyefika kumwulizia.

Hapo nilielewa nilichofanya. Nilikuwa nimechukua mkeka wa mtu ambaye hata hajazikwa, nikaukata vipande vinne, nikamlaza mwanangu juu yake na kupigia magoti kilichobaki. Na mtu mwenyewe hakuwa wa mbali, alikuwa mama wa ng'ambo tu ya ziwa letu, na aliishi majengo mawili kutoka nyumbani. Kuuliza jina kungenichukua muda gani?

Makaratasi ya kumtoa na kumzika yalichukua siku nne. Estella alikuwa na homa juu na baridi miguuni. Tulimhamishia kwa jirani, lakini ilipofika saa kumi alinyanyuka kitandani na kutaka kurudi kwenye chumba chetu, na tulimshika mimi na mama yake mpaka ipite. Siku ya tatu hakufumbua macho, ila miguu ilikuwa ikitembea chini ya shuka. Hatua nane, inapumzika, hatua nane tena. Daktari alisema ni virusi. Médiatrice alinitazama juu ya kichwa cha daktari.

Mimi nilifanya ninachokijua. Nilibandua kapeti lile, nikaleta kile kipande cha mlangoni, nikafumua mikanda kwenye pedi. Nikavipanga vyote koridoni, kila kimoja mahali pake, manyoya yakielekea upande wake. Nikachukua sindano ile iliyopinda na uzi wa nailoni nikashona. Kwa kawaida tunaunganisha kwa gundi ya moto, dakika kumi umemaliza. Mimi nilishona kwa mkono siku mbili. Nilipofika kwenye vile vishimo nikasema, "Nisamehe, mama." Médiatrice alitambaa chumbani na tochi, akiokota nyuzi nyekundu moja moja kutoka kwenye nyufa za sementi, hata zilizojificha nyuma ya jiko. Alinikabidhi ganda la kiberiti limejaa. Nilizishonea ndani zote.

Tulimzika Jumamosi. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wao wakiona aibu. Wachimbaji walishangaa tulipotoa roli la kapeti kwenye gari la Bwana Moodley, lakini Anaclet alizungumza nao kwa Kizulu chake cha kuungaunga, wakasogea. Tukaliteremsha kwanza, tukalifungua chini kadiri nafasi ilivyoruhusu, kisha jeneza juu yake, kisha tukakunjia ncha zake juu ya jeneza. Lilikuwa zima. Nilikagua mshono wa mwisho kabla hatujaachia kamba.

Estella alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefunikwa. Alikuwa amefumbua macho, lakini hakutazama kaburi. Alitazama lango la makaburi.

Mzee Athanase alisali. Kisha akauliza swali ambalo huuliza kwenye kila mazishi, kwa sababu mtoto wa marehemu ndiye hutangulia kutupa udongo. "Mutoto wa marehemu iko wapi? Akuye."

Swali lilimtoka kwa mazoea, nikaona uso wake ukibadilika alipolisikia mwenyewe. Hakuna aliyesogea. Watu waliinamisha vichwa. Nilitazama simu yangu: saa kumi kasoro dakika moja. Mgongoni mwa Médiatrice, ile miguu midogo ilianza kutembea hewani.

Sikupanga. Nilijikuta nimefika kwenye ukingo wa kaburi na kupiga magoti bila pedi, kokoto zikiniingia. Nilichukua udongo mkononi. Nilimfikiria Israël, popote alipo, na chakula kilichopashwa moto kila siku kwa miaka kumi na mmoja.

"Mama," nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "nimekuya."

Anaclet, ambaye hucheka kila nikijaribu Kiswahili chake, hakucheka. Nikaachia udongo, ukaangukia kwenye sufu nyekundu bila kishindo. Nilibaki pale mpaka Médiatrice akaniita kwa jina langu. Estella alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wake, amelala. Nilinyoosha mkono nikaishika miguu yake, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa na joto.